Mate ya Kokoo

Mimi Adero sipendi kuingilia mambo ya majirani, lakini Nsimire aliniudhi.

Alihamia ploti yetu hapa Kitengela kutoka Bukavu, huko Kongo, na watoto wawili: Amani wa miaka mitatu, na mchanga wa mgongoni. Mumewe, Ezra, ni dereva wa lori. Leo yuko Namanga, kesho hajulikani. Asubuhi nilikuwa namkuta Nsimire mlangoni, mtoto akinyonya, yeye anaangalia ukungu uliolala juu ya mbuga. Aliniambia akifinya macho kidogo anaona Ziwa Kivu, na upepo ukipita kwenye mabati anasikia mamake akiita watoto waje kuoga. Alikuwa anakaa hivyo mpaka uji unaungua. Nikipita namwambia, "Mama Amani, hebu rudi, sufuria inaungua huku Kenya!" Anacheka, lakini macho hayarudi.

Aliyewapenda hao watoto ni Kokoo, nyanya Mmasai anayetuletea maziwa. Siku alipomwona yule mchanga mara ya kwanza, alimtazama sana, akasema, "Aii! Katoto kabaya hivi, nani atakataka?" Kisha akamtemea mate utosini, tu! tu!

Weh! Nsimire aliruka. Akampangusa mtoto kwa kitenge mbele ya mzee wa watu, akamfokea aende zake, akafunga mlango. Kokoo akabeba mtungi wake akaenda polepole.

Kesho yake maziwa hayakuja. Nsimire akampigia Ezra simu akilia: mwisho wa mwezi anarudi Bukavu, hawezi kulea watoto mahali wanalaaniwa.

Hapo nilishindwa kunyamaza. "Wewe mama, una wazimu? Mmasai hasifu mtoto mchanga. Akimsifu, ndio uogope! Anamwita mbaya ili kijicho kimpite, na hayo mate ndiyo baraka. Mzee amempa mtoto wako kile anachowapa wajukuu wake, na wewe umekifuta na kitambaa!"

Uso ukamshuka. "Kwetu unamtemea adui," akasema. "Sasa nimefukuza nyanya wa watoto wangu?"

"Umemfukuza, ndiyo. Vaa viatu twende."

Tulimkuta nyumbani kwake, nyuma ya machimbo ya mawe, amekaa juani anatunga shanga. Hakuinua macho. Haki ya Mungu, niliogopa. Nsimire akapiga magoti kwenye vumbi, akafunua kichwa cha mtoto.

"Kokoo, nisamehe. Sikujua. Mtemee tena."

Mzee aliendelea kutunga, upepo ukicheza na shuka lake. Halafu akaweka shanga chini, akamtemea mtoto, taratibu. Amani naye akasukuma kichwa chake mbele, akapata yake.

"Na wewe?" Kokoo akamuuliza Nsimire. "Mama yako ako wapi?"

"Ako mbali, Kokoo."

"Basi inama."

Nsimire akainama, akatemewa utosini. Alilia kwa sauti, mama mzima wa watoto wawili, na Kokoo akamwacha alie.