Vali ya Shemeji

Hashil bin Salim alikuwa amechoka kabla hata hajaingia majini. Aliacha kuzamia miaka minne nyuma, sikio lake la kushoto lilipotoa damu chini ya meli, na tangu hapo alikuwa akipima dengu dukani kwa Nasor, kaka wa mkewe, Mtaa wa Mkunguni. Sasa, mwaka 1957, msimamizi wa wazamiaji bandarini alimwita tena, kuna minyororo ya maboya ya kukagua. Mitungi ya hewa ipo, alisema, lakini vali kila mtu aje na yake.

Vali ndiyo roho ya mzamiaji. Ni kidude cha shaba kinachofungwa juu ya mtungi mgongoni, kina mipira miwili inayokuja mpaka mdomoni. Ukivuta inakupa hewa, na ikigoma huna wa kumlalamikia. Hashil aliazima ya mzee Kasmir, mzamiaji aliyestaafu. Ilikuwa imeliwa na chumvi, imebonyea upande mmoja. Aliijaribu uani ndani ya pipa la maji, akavuta polepole, akavuta kwa pupa, akalala ubavu akavuta tena. Ilimpa pumzi kila alipoitaka, akatosheka nayo.

Kumbe Nasor naye alikuwa na vali. Aliipata kwa baharia mmoja zamani, akaiweka kwenye kabati la kioo mbele ya duka, jua la kila siku likiipiga, wapita njia waione inavyong'aa. Aliitoa mbele ya wanywa kahawa wote wa baraza la duka, akampa Hashil kwa mikono miwili.

"Zawadi yangu, shemeji. Mtu wangu hazamii na chakavu."

Hashil aliukunja mpira mmoja kidogo. Ulitoa nyufa nyembamba, kavu, kama kisigino cha hamali.

"Ahsante, shemeji," alisema.

Muhali huu, haya ya kumkatalia mtu, utatumaliza. Mtu wa kwetu atakula wali ulioungua ugenini na kuomba aongezwe, mwenyeji asijisikie vibaya. Sasa wewe umuumbue shemeji aliyekupa riziki miaka minne, tena mbele za watu? Unanikera mno muhali, na mimi mwenyewe ninao.

Azza, mkewe, aliziona zile nyufa usiku huohuo. "Mwambie. Au nitamwambia mimi, ni kaka yangu."

"Muache. Nitashuka nayo mara moja tu, aione inatumika, basi." Alisema kama mtu anayetaka kuachwa alale.

Siku ya kuzamia Nasor alifunga duka, akaja gatini kutazama. Hashil akaivaa ile ya zawadi, ya Kasmir akaiacha kikapuni. Alishuka ngazi mpaka maji yakamfunika kichwa, akavuta. Alipata hewa nusu, na nusu maji ya chumvi. Akapanda akikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Nini tena?" msimamizi akauliza.

"Umri," Hashil alisema. "Pumzi hazitoshi."

Nasor alimshika bega kwa huruma kabisa. "Usione haya, shemeji. Miaka imekwenda." Akamfungua ile vali mgongoni, akamgeukia Bushiri, mzamiaji mwingine aliyekuwa akingoja zamu yake. "Basi chukua wewe. Kitu kizuri kisikae bure."

Bushiri akanyoosha mkono, akashukuru.

"Usiivae," Hashil alisema. Alikuwa ameketi chini, bado anahema. "Mipira yake imekufa. Imepasuka kwa jua. Nimejua tangu juzi."

Nasor aliukunja mpira mwenyewe, akauangalia. Hakukasirika, na nadhani angekasirika ingekuwa afadhali.

"Tangu juzi," alisema. "Na ukashuka nayo."

"Ndiyo, shemeji."

"Ungekufa."

"Ndiyo."

"Hashil." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Tunakula sinia moja miaka yote hii. Ulidhani mimi nataka nini, usifu kitu changu au urudi nyumbani?"

Hashil aliona aibu, na alikuwa amechoka mno hata kuificha. Nasor akainama kikapuni, akaitoa ile vali ya Kasmir, akaanza kuifunga mtungini. Hakujua skrubu inazungushwa upande gani. Hashil akamwonyesha.