Kurasa Alizobakiza Guka Githinji

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni asubuhi moja ya baridi kwenye kituo cha maziwa huku kwetu Tetu, tukiwa foleni na mitungi yetu, tukingoja lori. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli.

Nyinyi leo mnasimuliana vitabu kwenye simu, huyu historia, yule riwaya, nami hufurahi nikiwasikia. Sisi tulikuwa na foleni ya maziwa. Kitabu kilikuwa kimoja, riwaya nene isiyo na jalada, niliyoachiwa na mwalimu aliyehamishwa. Nilikimaliza kwa siku mbili, nikampa jirani yetu mzee, Githinji, tuliyemwita Guka, yaani babu. Wengine walingoja zamu yao.

Zamu ya Guka ilichukua miezi mitatu na hakuna aliyemharakisha. Alijifunza kusoma uzeeni, darasa la ngumbaru, na mbali na Biblia hicho ndicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Alisoma kurasa mbili kwa siku, kidole kikifuata mstari, na lori likichelewa, na lilikuwa halikosi kuchelewa, alitueleza alipofika. Hadithi ilikuwa ya mama ambaye mwanawe aliondoka nyumbani akanyamaza. Guka naye alikuwa na mwana, Mwangi, aliyeenda Mombasa kutafuta kazi na hakuwahi kuandika hata barua moja. Sote tulijua, na hakuna aliyelitaja.

Asubuhi hiyo Guka akasema, "Huyu mama, ati kila jioni anapika chakula ya watu wawili. Iko kitu anajua."

Nikadakia, "Anapoteza chakula bure, Guka. Kijana harudi. Alikufa hukohuko."

Guka akakaza kifuniko cha mtungi wake, ingawa kilikuwa kimeshakazwa.

"Wangari," akasema, "wewe uko na haraka ya kwenda wapi? Mimi nilikuwa natembea na huyu mama pole pole. Sasa umenitoa kwa njia."

Kesho yake alinirudishia kitabu, jani la nepia, zile nyasi za ng'ombe, likiwa limebanwa pale alipoachia. Nilimwomba aendelee, akasema macho yanamuuma. Wale wengine hawakukitaka tena, kwa kuwa mwisho walishaujua. Guka hakushika kitabu kingine cha hadithi mpaka tukamzika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, nilikifungua tena, nikaanzia kwenye lile jani. Zilikuwa zimebaki kurasa thelathini. Katika ukurasa wa mwisho mama anasikia hatua langoni, anaichukua ile sahani ya pili na kuipangusa. Hadithi inaishia hapo. Hakuna anayekufa. Ni jirani mmoja tu wa yule mama aliyesema huenda kijana alikufa, nami wakati ule nililishika neno la jirani nikaruka zilizobaki. Niliona aibu, na haijaniisha.

Mwangi hajarudi hadi leo, kwa hivyo sisemi kitabu kingemponya Guka. Nasema zile kurasa thelathini zilikuwa zake, nami nikamnyang'anya.

Basi mwanangu, ukikaa na wenzako kuzungumza vitabu, soma kwanza mpaka mwisho ndipo ufungue mdomo. Waambie palipokugusa, palipokukasirisha, hata palipokupa usingizi. Ukifika kwenye mwisho, nyamaza kidogo, uulize kama kuna mtu bado yuko njiani. Kikiwa kitabu cha historia, uliza pia kama kuna aliyekuwepo mambo hayo yakitokea, kisha umpishe aseme. Anayesoma pole pole usimcheke, maana hujui anatafuta nini mle ndani.

Kitabu chenyewe nakuachia wewe. Jani limekauka, lakini usilitoe. Mungu akupe macho mazuri mpaka uzeeni, akupe na watu watakaokungoja ufike mwenyewe.