Macho Haya Hayaguswi

Mimi si mtu wa kutulia. Hata kanisani huwa nahesabu mbao za dari. Kwa hivyo daktari wa macho mjini Nakuru aliponiambia kwamba wakati wa kurekebishwa macho kwa leza nitalala kimya nikitazama taa moja bila kuyumba, nilimwuliza kama hawana dawa ya kunilaza kabisa. Akacheka. "Hapana, mama. Hatulazi mtu. Ni dakika chache tu."

Tangu utotoni nimemwona ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde vizuri kuliko sindano iliyo mkononi mwangu, na riziki yangu ni cherehani. Miwani ilikuwa mizito, iliniteleza puani kila nilipoinamia kitambaa, na jioni kichwa kilinigonga. Nilikuwa nimeichoka, na sitaki kuambiwa kwamba wako wenye shida kubwa zaidi.

Leza yenyewe haikuuma. Walinitia matone ya ganzi, wakaweka kitu cha kuzuia kope zisifumbe, kisha nikahisi jicho limekandamizwa na giza likaingia kidogo. Taa ikarudi, mashine ikalia, nikasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Nililala kimya kama nilivyoagizwa; fujo zote zilifanywa na vidole vyangu vya miguu. Baadaye macho yaliwasha kana kwamba nimekata gunia zima la vitunguu.

Shida ilianza nilipopewa masharti. Nisifikiche macho, yasiingie maji, nikae mbali na moshi na vumbi. Ngozi nyembamba waliyoifunua juu ya jicho ilikuwa imerudishwa tu mahali pake bila kushonwa, na ingeweza kusogea ikiguswa. Mimi fundi wa nguo niliposikia "bila kushonwa" nilikosa amani. "Halafu kitu kingine," daktari akasema, "vya karibu utaviona vizuri haraka, lakini vya mbali vitakuwa na ukungu kwa wiki kadhaa. Usishtuke."

Nilishtuka. Nilikwenda kupumzika kwa mama yangu, kule Subukia, na asubuhi iliyofuata nikasoma maandishi madogo kwenye chupa ya matone bila miwani, nikapiga vigelegele peke yangu. Kisha nikatoka nje. Mahindi ya ng'ambo yalikuwa rangi tu. Mtu alinipungia mkono kutoka barabarani, nami sikujua ni nani. Niliingia ndani, nikatoka tena, nikafumba jicho moja, nikafumbua jingine, nikazunguka zizi. Je, nimetoa macho ya mbali ili nipate ya karibu? Mama alisema nilikuwa nikiwasumbua kuku.

Alasiri wakaja akina mama wa kanisa. Kwetu mgonjwa haachwi bila kuombewa, na anayeomba huweka mkono pale penye ugonjwa, iwe goti, iwe tumbo. Nalijua hilo tangu nizaliwe, na bado halikunijia akilini mpaka Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kukamua, aliposimama mbele yangu katikati ya wimbo, amefumba macho, kiganja kikinijia usoni.

Nilimdaka mkono. Nilitumia nguvu nyingi mno. "Mama, hapana!"

Wimbo ukakatika.

"Kwani unakataa maombi?" mama mmoja akauliza.

Nilieleza habari za ile ngozi, nikijikwaa kwenye maneno, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu wa mjini anayeuona mkono wa mama yake mchafu. Niliona haya, nikakasirika, na bado sikuuachilia ule mkono.

Uso wa Mama ulikuwa karibu na wangu, na kwa mara ya kwanza maishani niliuona wote bila miwani: mikunjo myembamba chini ya macho, na kovu dogo kidevuni ambalo sikuwahi kulijua.

"Basi nionyeshe penye naweza kushika," akasema.

Niliuweka mkono wake kifuani pangu, kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu. Akausikia moyo ukienda mbio.

"Unaogopa hivi, na hukuniambia?"

"Naogopa, Mama. Naogopa nimeharibu macho yangu."

Akaomba. Macho hakuyataja hata mara moja. Alimwambia Mungu kwamba mtoto wake anaogopa, na kwamba yeye mwenyewe hajalala tangu siku niliyomwambia nitapasuliwa.