Ndege Mkubwa Kuliko Jogoo

Jumapili ile nilitaka kulala tu. Wiki nzima nilikuwa nimesimama kiwandani Athi River nikishona suruali za kupelekwa ng'ambo, na miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuingia. Lakini mama alikuwa amekuja kutoka Katangi na ombi la baba, na baba hakuwa mtu wa kuambiwa angoje tena.

Baba alikuwa amepooza upande mmoja. Ujanani alimtunzia mzungu mmoja bustani kule Nairobi, na mzungu huyo, alivyosimulia baba, alifuga ndege wa bluu na manjano, mkubwa kuliko jogoo. Katangi hakuna aliyemwamini. Wazee wenzake walikuwa wakimuuliza kama ndege wake ameshataga. Mama ndiye aliyezidi wote: hadithi ikianza tu, anainuka kwenda kuangalia sufuria. Sasa baba alikuwa anaomba picha ya ndege huyo kabla hajafa, awaonyeshe kwamba hakuwahi kudanganya.

Nikaazima kamera kwa mwenzangu wa kazini. Nilikuwa nimesikia kuna bustani ya wanyama upande wa Nairobi yenye ndege wa kigeni, basi tukaenda, mimi nikichechemea, mama akinung'unika kwamba tunafuata uongo wa mzee kwa nauli.

Ndege walikuwa ndani ya kizimba kikubwa cha waya, ambacho watu huingia na kutembea humo. Na kweli, juu kwenye tawi alikuwepo: mgongo bluu, kifua manjano. Mama alishika mdomo. Ndege mwenyewe alikuwa ametupa mgongo, na mfanyakazi wa pale akatuambia tungoje, atashuka chakula kikiletwa. Nikaegemea nguzo. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeweza kulala wima kama punda.

Mfanyakazi akarudi na ndoo, akamwaga mtama kwenye sinia. Wale wadogo walishuka kwanza, wengi, halafu yule mkubwa akaja akatua katikati yao. Nikafumba jicho moja, kidole tayari.

Mazoea yana taabu. Mama alikuwa ameyamaliza maisha yake juu ya dungu shambani, akifukuza ndege kwenye mtama, na mwaka huo mvua ilikuwa imetunyima hata huo mtama wa kulinda. Alipoona midomo ile ikidonoa, alirusha mikono juu, leso ikapepea, akapiga ukelele wa shambani. Kidole changu kikabonyeza. Kizimba kizima kikaruka, na mfanyakazi akatutoa nje kwa hasira.

Nami nilikasirika, tena sana. Ndiyo ilikuwa picha ya mwisho kwenye filamu, na miguu iliniuma mpaka kiunoni.

"Mwaitu, mama yangu, umefanya nini?" nikamuuliza.

"Walikuwa wanakula mtama," akasema. Halafu akajifunga leso upya, akatangulia njiani.

Picha ilipooshwa Machakos mjini, ndani yake alikuwa mama peke yake, mikono juu, na sinia ya mtama. Niliipeleka nyumbani hivyo hivyo kwa kukosa la kufanya. Baba aliishika kwa mkono wake mzima, akaigeuza, akamtafuta ndege. Nikaanza kueleza habari ya mtama na ukelele. Woi, nilikuwa nimechoka, na sasa nilimhurumia pia.

Mama akaketi kitandani kando yake.

"Mzee, ni mkubwa kuliko jogoo," akasema. "Ulisema kweli. Nimemfukuza mimi mwenyewe."

Baba aligeuza uso ukutani kwa muda. Kisha, kwa ulimi ule mzito, akaanza hadithi upya: bustani, mzungu, ndege. Jikoni maharagwe yalianza kunuka moshi. Mama hakuinuka.