Majina Tunayotaja Mbele ya Jiko la Chuma

Siku ile siisahau, mwanangu. Nilikuwa bibi arusi mgeni hapa Kasongo, kesho yake Idi, na desturi ya nyumba hii ni kwamba mikate ya Idi anaioka mke mpya. Ikiungua, ukoo mzima unainywea chai aibu yako.

Nikaletwa mbele ya jiko hili la chuma. Salaale! Zito kama ng'ombe aliyelala, na mlango haufungiki mpaka uuegemeze mpini wa jembe. Upande wa kushoto unaunguza, wa kulia unaacha unga mbichi. Ila mlangoni, chini ya kioo, kulikuwa na mshale wa kupimia moto, nami nikauamini. Ulisema tayari. Nikainua sinia ya mikate.

"Wee! Weka chini!" Mama mkwe huyo. "Ule mushale ulikufa zamani. Hata jiko ikilala baridi, wenyewe unasema moto iko. Utaamini mutu wa jibu moja kila siku?"

Akakunja mkono wa nguo, akaingiza mkono ndani ya tumbo la jiko, akataja majina polepole: Mwamini, Zaina, Tabu, Asha... Wanawake wote waliopika hapo, la mwisho lake yeye. Mkono ukikimbia katikati ya majina, moto bado mkali, tunangoja. Ukistahimili mpaka jina la mwisho, mikate inaingia. Fikiria, mwanangu. Marehemu walikuwa wanatupimia moto!

Tuligeuza sinia katikati ya kuoka, mikate ikatoka myekundu pande zote. Tulipooka tena, alifika kwenye jina lake, kisha akaongeza langu. Nikalia waziwazi.

"Mama, majina yakizidi, si mkono utaungua?"

Akacheka. "Jiko nayo inazeeka. Sisi tunaongezeka, moto wake unapungua."

Wallahi, mpaka leo majina na moto vinalingana, na sijui ni kwa nini.

Sasa wewe, mke wa mjukuu wangu, nimekusikia ukiucheka ule mpini. Cheka tu, lakini jungu kuu halikosi ukoko. Kitu kizee, kama mtu utakayezeeka naye, hakijulikani kwa kutazamwa usoni. Tia mkono, ujue upande unaounguza, kisha geuza sinia mapema.

Mungu akupe mikono isiyochoka na nyumba isiyokosa mkate. Haya, kunja mkono wa nguo. Mimi nitayataja yote, la mwisho, lako, ulitaje wewe, kwa sauti, wakusikie.