Shahada Niliyoificha

Nilipotimiza miaka ishirini na minne nilikuwa na shahada mbili, na sikuwa nimefanya kazi hata siku moja. Sikupanga iwe hivyo. Nilipomaliza shahada ya kwanza Serikali ilikuwa imesimamisha ajira, inapunguza hata watu iliokuwa nao. Mhadhiri wangu akaniambia nafasi ya kazi haipo ila ya kusoma ipo, basi nisome. Nikasoma. Wenzangu walihangaika kutafuta pa kujishikiza, mimi niko maktaba, nikiamini ninawatangulia.

Nilirudi nyumbani Masoko wakati wa mvua. Jumapili ya kwanza mchungaji alinisimamisha kanisani ili watu wanione. Mama, ambaye kitabu pekee alichokisoma ni cha nyimbo, alilia. Baba hakulia. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha chai miaka mingi, kikauzwa kwa mtu binafsi, naye akapunguzwa. Tangu hapo hakuwa mtu wa kushangilia mapema. Aliniuliza tu kazi nitaanza lini. Nikamjibu, mwezi ujao.

Mwezi huo ulipita, ukapita na mwaka. Tukuyu mjini nilibisha hodi kila ofisi yenye mlango. Waliotaka wakubwa wa ofisi walitaka uzoefu. Waliotaka makarani walisema nitawakimbia. Siku hizo ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee wa kahawa, na kampuni moja mpya iliniita kwenye usaili. Bwana aliyenisaili alivisoma vyeti vyangu pole pole, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

“Binti,” akasema, “nikikuweka juu, utawaelekeza nini watu ambao hujawahi kuifanya kazi yao? Nikikuweka chini, utakaa miezi mingapi?”

Nilitoka nikasimama barazani, nikingoja mvua ipungue, na haikupungua.

Aliyeniokoa ni dada mmoja tuliyesoma naye shule ya msingi. Yeye aliishia darasa la saba, akaanza kuchuma chai, na sasa alikuwa msimamizi wa vibanda ambako kiwanda kilinunua majani ya wakulima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Peleka cheti cha kidato cha sita tu. Hayo mengine yaache nyumbani yapumzike.”

Niliyaacha. Kwenye fomu, palipoulizwa elimu ya juu, nikaandika hakuna. Wiki iliyofuata nilikuwa karani wa mizani katika kibanda cha upande wa Nkunga.

Nilikaa pale miaka miwili. Nilijifunza kubishana juu ya maji, maana majani yaliyolowa yana uzito, na kila mtu ana maoni kuhusu kiasi cha kupunguza. Nilijifunza kuingiza mkono guniani na kujua kama majani yameanza kupata moto kwa sababu gari limechelewa. Wakulima waliniita binti wa mizani. Mama aliwaambia watu kwamba ninafanya utafiti. Baba alianza kwenda ibada ya asubuhi na mapema, ambayo haina watu wengi.

Kisha kiwanda kikaleta mikataba mipya, imeandikwa kwa Kiingereza, wakulima watie sahihi. Mzee mmoja wa pale alinisukumia karatasi yake juu ya mizani, akauliza pamesemwa nini. Nilimsomea kipengele cha kwanza, wengine wakasogea, nikasoma cha pili. Mpaka saa sita nilikuwa nimewaeleza wote, pamoja na pale panapowakataza kuuza majani kwa mtu mwingine. Mtu wa ofisini alikuwa amesimama nyuma. Aliniuliza Kiingereza cha namna ile nilikipata wapi. Nilikuwa nimechoka kusema uongo, nikamwambia.

Kesho yake meneja aliniita. Hakufoka.

“Watu hudanganya kujipandisha,” alisema. “Wewe umedanganya kujishusha. Lakini uongo ni ule ule.”

Niliondoka siku hiyo hiyo. Rafiki yangu msimamizi alipewa onyo la maandishi kwa kunileta, na cheo alichokuwa akikingojea akapewa mwingine. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanipa ndizi na chai, na hakunitazama usoni. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana, basi.

Wakulima wakati huo walikuwa wanaanzisha chama chao. Yule mzee alinitaja kwenye mkutano niwe katibu. Hakutaja shahada, alisema huyu anajua maji yanavyopunguzwa. Nilifanya kazi ile mpaka mvi zikanitoka. Shahada ya kwanza ilinisaidia kila siku. Ya pili ilinisaidia mara chache, tulipoandikia wizara, na sijui kama hizo mara chache zinatosha kufidia yaliyompata rafiki yangu.

Mwaka jana binti wa mdogo wangu alikuja kuniomba ushauri. Ana miaka ishirini na miwili, kamaliza shahada, amepata nafasi ya kuendelea na nyingine. Nilimshauri aende kwanza kazini, yoyote ile, ajue watu wanachoka vipi, chuo hakihami. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda chuo. Sikumlaumu. Kazi yenyewe hiyo niliyomwambia atafute, sikuweza kumwonyesha iko wapi.