Molekuli Haitaki Vigelegele

Lynnet alizaliwa Osiri, kwa wachimba dhahabu, na kule mtu akipata hawezi kunyamaza. Mama yake, Phelesia, ameosha mchanga kwa karai tangu ujana wake. Chembe ikimetameta tu chini ya karai, anapiga vigelegele hadi watu wa ng'ambo ya bonde wanaacha kazi na kuulizana nani amebahatika. Lynnet aliirithi sauti hiyo nzima nzima. Alipofaulu kidato cha nne alipiga, na alipoitwa chuo kule Rongo alipiga ndani ya ofisi ya chifu. Hakujua kwamba siku moja furaha hiyo ingemponza.

Ilimponza maabarani. Kazi yenyewe inachekesha ukiieleza. Unachukua waya wa dhahabu, mwembamba kama unywele, unauvuta polepole mpaka ukatike. Pale ulipokatika, ncha mbili zikiwa bado zimekaribiana kuliko mtu anavyoweza kuwaza, molekuli moja, moja tu, hujishikiza huku na huku kwa salfa iliyo kwenye ncha zake, na umeme unapita ndani yake. Kwenye kompyuta, mstari uliokuwa unaporomoka husita na kunyooka, kama mtu anayeshuka mlima akapata mahali pa kupumzika. Hapo ndipo Lynnet alitakiwa kuacha kuvuta, aongeze volti kidogo kidogo, na kusoma umeme unavyozidi kabla molekuli haijaachia. Bila vipimo hivyo hakuna shahada ya uzamili.

Malori ya miwa yaliyopita barabarani yalikuwa yakitikisa meza, basi yeye na msimamizi wake, Daktari Maroa, wakakining'iniza chombo kizima cha kuvutia waya darini kwa blada, zile kamba za mpira ambazo watu wa bodaboda hufungia mizigo. Malori yakashindwa. Mstari ukatokea, umenyooka vizuri ajabu, na Lynnet akapiga kigelegele. Molekuli ikaachia. Siku nyingine alijiziba mdomo, lakini miguu ikaruka yenyewe. Baadaye alijiapiza kabisa, akaikalia mikono yake, kisha akasikia sauti inatoka, na ilikuwa yake.

"Lynnet," akasema Daktari Maroa, Mkuria mpole asiyepandisha sauti hata kwa ng'ombe, "sasa wewe ndio lori."

Ikafika siku ya mwisho. Chombo kilikuwa cha kuazima, na wenyewe walikuwa wanatoka Nairobi kuja kukichukua jioni hiyo. Asubuhi, kana kwamba shida hazijatosha, Phelesia akafika, amevaa nguo ya kanisani. Chembe iliyozaa ule waya ilikuwa yake, na alimpa binti yake kwa sharti moja tu, kwamba lazima aione ikifanya kazi. Kwa kuwa Daktari hajui Kijaluo, wakaongea Kiswahili.

"Sasa dhahabu yangu iko wapi?"

"Iko hapo juu, Mama. Imening'inia."

"Mimi naona blada."

"Iko ndani. Ikikatika, umeme inapitia kwa kitu moja ndogo sana. Mstari ikinyooka hapa, ujue imepita. Lakini hiyo kitu haitaki kelele, Mama. Ukipiga vigelegele, nimeisha."

Phelesia alimtazama kwa jicho la upande. "Na wewe je?"

"Mimi ndio nimeiharibu mara zote."

Phelesia akacheka mpaka chombo kikayumba, na ikabidi wote wangoje kitulie.

Wakaketi bega kwa bega, mama ameushika mkono wa binti. Waya ukavutwa, ukakatika bure, ncha zikarudishwa pamoja, ukavutwa tena. Jua likahama dirishani. Daktari akaanza kutazama barabarani kama wenye chombo wanakuja. Kisha mstari ukanyooka.

Furaha ilimpanda Lynnet kutoka vidole vya miguu, ikafika magotini, ikafika tumboni. Phelesia akaukaba ule mkono hadi ukauma. Kwa mkono uliobaki Lynnet akasimamisha mota iliyokuwa ikiuvuta waya, akaongeza volti. Umeme ukazidi. Akaongeza tena, ukazidi tena, na molekuli imeng'ang'ania tu. Elektroni zilikuwa zinatoka dhahabu ya Osiri, zinapita kwenye kitu ambacho hakuna jicho limewahi kukiona, zinaingia dhahabu ya Osiri. Alihisi kichwa chepesi kama amelewa. Alimpenda kila mtu duniani, hata wenye malori.

Mstari ulipoanguka, vipimo vyote vilikuwa vimeshaingia. Daktari Maroa akavihifadhi, kisha akavihifadhi tena kwenye flashi, maana umeme wa Rongo haumwamini mtu wala hauaminiki.

"Imetosha," akasema. "Sasa mnaweza."

Lynnet akamgeukia mama yake, kwa kuwa mkubwa ndiye huanza. Phelesia akainua kidevu, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, na machozi yakamwagika mpaka kwenye kola.

"Nyara," akanong'ona, binti yangu, "koo imekataa."

Lynnet hakuwahi kumwona mama yake akikosa sauti. Akamkumbatia, akavuta pumzi, akapiga kwa niaba ya wote wawili, akarudia, hadi chombo kikabembea darini na wanafunzi wakatoka madarasani kuuliza nani amejifungua. Daktari alijaribu kuwaeleza habari za molekuli, wakazidi kuchanganyikiwa. Basi Phelesia akaenda mlangoni, na kwa kuwa bado hakuweza kusema, akawaonyesha mtoto wake kwa kidole.